Aliyekuwa Sauti ya Malkia

Upanga, Dar es Salaam
9 Januari 2025

Kisa, mtoto wa kaka yangu,

Barua hii isome peke yako kisha uifute. Ningemwandikia baba yako, lakini kaka yangu Hadi ukimpa siri saa tatu, saa nne iko Mombasa.

Wewe unajua kazi yangu. Bibi yako hajui, anaamini mimi ni karani wa bima. Mwaka wa kumi na moja huu namtilia sauti ya Kiswahili mwigizaji wa Korea, Noh Eun-sae, yule ambaye bibi yako humwita Malkia na hukaa mbele yake kila siku baada ya Asri, na ole wake atakayepita mbele ya televisheni. Tamthilia zote alizocheza na zikaonyeshwa kwa Kiswahili, anayesema ni mimi. Babu yako kabla hajafa aliniapisha kwamba sitatia uso wangu kwenye skrini. Sikuutia. Nilitia sauti tu. Hakimu angenipa ushindi, ila bibi yako si hakimu.

Sasa kaa chini. Mwezi wa kumi sauti ilianza kukwaruza. Nilidhani ni zile sehemu za Eun-sae kulia mazishini, maana tulizirudia siku nzima. Daktari akaniangalia koo, akaniambia niketi, na mimi nilikuwa nimeketi. Ni saratani. Tarehe 12 Desemba wametoa kongomeo lote. Napumua kwa tundu la shingoni, nalifunika kwa kitambaa. Daktari anasema wameiwahi, nitaishi. Lakini sitasema tena, Kisa. Sauti haikukauka ikasema itarudi. Haipo.

Mpaka leo sijaamini. Kila asubuhi nafungua mdomo niseme Bismillahi, na kila asubuhi nashtuka upya.

Bibi yako ana betri kifuani na miaka sabini na minne. Nataka nimwambie taratibu, nikipata nguvu. Kwa sasa nitakuwa nakutumia barua, wewe uzitoe kwenye printa umpe. Mwambie maiki ya simu yangu imekufa. Yeye akijibu, piga picha unirushie. Nazichapa kwa kompyuta kwa kuwa mkono wa kulia umevimba kwa sindano, kalamu haishikiki.

Shangazi yako,
Shireen


Upanga
20 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Salaam alaykum. Mimi mzima, nimejaa kazi tu. Usishangae kupata barua badala ya simu. Maiki imekufa, fundi kila siku anasema njoo kesho, na mtaa mzima mtandao unachechemea. Halafu Kisa kaniambia unapenda kitu cha kushika mkononi ukisome mara mbili, basi nimeona nikurudishe zama zako.

Joto la hapa si la kuelezeka. Jirani wa chini kapata mjukuu, kaleta haluwa sahani nzima, nimeila peke yangu kwa siku mbili. Wakili wetu wa ofisini anakusalimu.

Dawa za moyo unameza? Usiniambie ndiyo kwa ajili ya kunifurahisha.

Mwanao,
Shireen


Dixon Road, Toronto
11 Februari 2025

Mwanangu Shireen,

Wa alaykum salaam. Barua zako zinafika, zimenyooka kama hati ya mahakama. Nazisoma mara mbili kweli, na mara zote mbili sisikii mtu. Huyo fundi wako wa simu anatengeneza simu au anajenga kiwanda?

Hapa theluji imefika madirishani mwa magari. Lifti imeharibika tena. Bi Sabika wa ghorofa ya tatu alipanda ngazi mpaka kwetu ya kumi na moja kuja kutazama Malkia, akafika hana hata pumzi ya kusalimia. Na alichokipandia ndicho nitakachokueleza.

Malkia ana tamthilia mpya, yeye ni mwenye mkahawa na mume kamtoroka. Uso ni uleule. Alipofungua mdomo, mimi na Sabika tukatazamana. Si yeye. Wamempa sauti ya kisichana fulani kinachosema kama kinasoma bili ya maji. Mume anamtoroka, na yeye anamwambia "usiniache" kama anayeagiza chapati. Nimeshtuka, mwanangu. Nilimwambia Kisa aangalie rimoti, labda amebonyeza vibaya.

Wewe uko Dar na kazi hizo zinafanyika hukohuko. Hebu niulizie. Yule aliyekuwa akimsemea zamani yuko wapi? Anaumwa? Wamemfukuza? Niulizie vizuri, usinijibu juujuu.

Mama yako,
Kanizfatema


Upanga
27 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Salaam alaykum, na Ramadhani njema inayokuja.

Umenifanya nicheke. Mama mzima unamlilia Mkorea. Nimeulizia kwa rafiki wa rafiki anayefanya kazi studio. Anasema aliyekuwa akimsemea Malkia ameacha kazi kwa hiari yake. Ameolewa na kuhamia Oman. Yuko salama na ana furaha, kwa hiyo usimwombolezee mtu aliye kwake.

Huyohuyo rafiki kanieleza mengi kuhusu Eun-sae mwenyewe, na kwa kuwa unampenda nakuandikia. Amezaliwa mji wa bandari kusini ya Korea, mama yake akiuza samaki wakavu sokoni. Alikuwa na miaka kumi na saba alipopata kazi ya kwanza, mjakazi wa kubeba sinia, akauawa kipindi cha pili. Mama yake aliwaalika majirani kutazama, wakafika amekwisha kufa. Akakaa miaka minne akicheza watu wanaokufa mapema. Ile tamthilia ya ikulu ndiyo iliyomtoa, nayo aliipata kwa kuwa mwigizaji mwingine aliteguka mguu.

Halafu akaolewa na mwimbaji, wakaachana, na magazeti ya kwao yakamla nyama. Walimwita kila jina. Akapotea miaka mitatu, hakuna aliyemwona. Aliporudi alicheza filamu ya mwanamke mfungwa, akanyoa kichwa kweli, si kofia ya mpira. Kwenye filamu ile kuna mahali anavuta pumzi kabla ya kusema uongo, fupi sana, puani. Anafanya hivyo tangu alipokuwa mjakazi wa sinia. Hakuna anayeiona ila aliyemtazama kwa miaka. Mwaka juzi walimpigia kipande chake cha Kiswahili kwenye mahojiano huko Seoul. Akasikiliza, akasema, "Huyu mwanamke anajua ninapovuta pumzi."

Basi ndiyo hayo niliyoambiwa. Kisichana kipya kitajifunza. Mpe muda.

Mwanao,
Shireen


Dixon Road, Toronto
12 Machi 2025

Kwako wewe unayeandika kwa jina la mwanangu,

Sijui unaitwa nani, kwa hiyo siwezi kukusalimu kwa jina. Salamu zako zote nimezipokea.

Jana Bi Sabika alinipa simu yake nisome. Ni ukurasa wa habari za wasanii wa hukohuko Dar. Picha ya Malkia, na juu yake maandishi makubwa: SAUTI YA MALKIA YAZIMIKA. Chini wameandika, "Aliyekuwa sauti ya Malkia hatutamsikia tena." Watu zaidi ya mia tatu wametoa pole, wengine wameandika Inna lillahi. Sabika alidhani ni yule Mkorea aliyekufa, akaanza kujifuta machozi. Mimi sikulia. Nilimrudishia simu yake, nikaenda jikoni nikafungua bomba, nikasimama hapo mpaka maji yakamwagika sakafuni.

Kwa sababu mimi najua sauti ya Malkia ni nani. Najua tangu miaka tisa iliyopita. Ile ya ikulu, mfalme alikufa, Malkia akapiga magoti mbele ya jeneza akasema, "Moyo wangu umekaa chini." Nikuulize, Mswahili gani anasema hivyo? Moyo huenda mbio, moyo huuma, moyo hupasuka. Mwenye moyo wa kukaa chini nimemjua mmoja tu, mume wangu Ghulamabbas, muuza vitambaa wa Tanga. Alijifunza Kiswahili kwa wateja, akakivunjavunja mpaka alipokwenda kaburini. Duka likikosa wateja, "moyo yangu imekaa chini." Mtoto akiumwa, "moyo yangu imekaa chini." Watoto wake walimcheka na kumwigiza mezani. Na sasa Malkia wa Korea ananiambia maneno ya marehemu mume wangu, kayanyoosha tu sarufi. Chai ilinimwagikia mapajani sikuisikia. Nilifunga macho nisiuone ule uso wa Kikorea, nikasikiliza. Alikuwa mwanangu.

Sikumwambia. Ningemwambia ningelazimika kumkataza, maana siku baba yake anamwapisha nilikuwepo. Basi nikanyamaza nikafaidi. Simu alikuwa akinipigia mara moja kwa wiki, dakika kumi, mama uko salama, dawa umemeza, kwaheri. Kwenye televisheni nilikuwa naye saa nzima kila siku. Nimemsikia akizaa, akiachika, akifungwa jela, akipigania kiti cha enzi. Sabika akisema Malkia huyu anajua kulia, mimi najivuna kimoyomoyo.

Sasa tangu Desemba hakuna simu. Zinakuja barua za kompyuta. Nilikuuliza kwa makusudi yule msemaji yuko wapi, ukaniambia ameolewa Oman. Hapo ndipo ulipojifunga. Shireen akidanganya hudanganya padogo, asingejiozesha Oman. Na huyo Mkorea unamjua mno, mpaka anapovuta pumzi. Wewe ni mtu wa studio, mwenzake. Umenionea huruma, nami nakuombea heri.

Lakini usidhani siijui desturi yetu. Mwaka 2013 nililazwa hapa kutiwa betri ya moyo, na mume wangu akafa Tanga. Nilifichwa siku kumi na moja. Nikipiga simu naambiwa amelala, ametoka, yuko shamba hakuna mtandao. Mume ameshazikwa, ameshasomewa, na mimi namnunulia sweta. Aliyekuwa akinijibu simu zile ni Shireen mwenyewe. Nilimsamehe, ila namna inavyofanywa naikumbuka hatua kwa hatua.

Kwa hiyo usinifiche zaidi. Niambie alikufa tarehe ngapi, nijue arubaini yake. Niambie mmemzika Dar au Tanga kwa baba yake. Mengine utabaki nayo wewe.

Kanizfatema, mama yake


Toronto
13 Machi 2025

Shangazi Shireen,

Samahani Kiswahili yangu, lakini nataka uelewe haraka.

Jana Bibi alinipa barua ndani ya bahasha, akasema nipige picha nitume bila kusoma. Nilituma bila kusoma. Ni kosa yangu. Leo nimesoma.

Leo Alhamisi tulienda msikitini kwa futari. Unajua kabla ya adhana wanasoma majina ya marehemu, watu wanaleta karatasi wanasomewa Fatiha. Mimi nilikuwa napanga tende. Kwenye spika nikasikia, "Marhuma Shireen binti Ghulamabbas." Sahani ilianguka. Wanawake wote walisoma Fatiha kwa wewe, shangazi. Mimi pia nilianza kusoma sababu mdomo yangu ilikuwa inaenda yenyewe, kisha nikaacha.

Nilimwambia Bibi, yuko hai, nimeongea na yeye jana kwa ujumbe. Bibi alinishika mkono akasema, "Wamekufundisha na wewe. Si kosa lako, mwanangu." Halafu alifungua kwa maji na tende moja, na hakukula kitu ingine.

Amevaa nyeusi. Hataki daktari. Baba anauliza kuna nini na mimi sijui niseme nini. Tafadhali mwambie ukweli. Mimi siwezi kubeba hii.

Kisa


Upanga
14 Machi 2025

Mama,

Ni mimi. Niko hai. Nimeandika kwa mkono ili uone mwandiko wangu, ingawa vidole bado vizito na mistari imepinda.

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi, na jirani ananipepea. Nimesomewa Fatiha na mimi nipo. Sijui mtu hufanya nini baada ya hapo. Nilijishika uso kama anayehakikisha.

Sikufa, Mama, lakini hukukosea kabisa. Nilipata saratani ya koo. Mwezi wa kumi na mbili nilipasuliwa na sauti yote imeondolewa. Natumia tundu shingoni kupumua. Sitakupigia simu tena maisha yangu, na hiyo ndiyo niliyoshindwa kukuambia. Niliogopa moyo wako. Niliogopa zaidi kwamba utaniambia "pole mwanangu" na mimi sitaweza kukujibu kitu. Wale wa ukurasa ule waliandika kwa ajili ya kuuza. Studio iliwaambia nimestaafu kwa maradhi, wao wakaizima sauti.

Na ya Baba. Siku kumi na moja zile nilizokudanganya, Hadi alisema betri ina siku tatu tu kifuani, tungoje. Nikakubali. Nilikuwa hodari sana wa kuigiza, hukunishuku. Mwaka uliofuata nilipopata kazi ya Eun-sae, niliingia studio nikijua mtihani wangu nilishaufanya kwako. Sijawahi kukuomba radhi kwa hilo. Nakuomba leo.

Umeniambia ulijua tangu miaka tisa iliyopita. Mama, miaka tisa nimekuwa nikijificha kwa mtu anayenitazama. Nimecheka, kisha nimelia, na vyote viwili sasa havina mlio. Kumbe mashabiki wangu wote nilikuwa nawahesabu nikamwacha mmoja.

"Moyo wangu umekaa chini" haikuwa kwenye karatasi ya mtafsiri. Aliandika "Nimehuzunika." Lakini Eun-sae alikuwa bado anatikisa mdomo na maneno yamekwisha, ikanibidi nimjaze haraka. Aliyekuja kichwani alikuwa Baba.

Maandishi hutayaamini, nami nisingeyaamini. Kesho Jumamosi, saa nne asubuhi kwenu, Kisa atakuwekea simu ya picha. Utaniona. Kitambaa cha shingoni usikiogope. Sitasema kitu.

Mwanao,
Shireen


Dixon Road, Toronto
16 Machi 2025

Mwanangu Shireen,

Salaam alaykum, na safari hii najua namsalimu nani.

Jana ulipotokea kwenye kioo sikuweza kusema. Wewe huwezi kusema. Tukabaki tunaangaliana, mpaka Kisa akadhani mtandao umekatika, akaanza kuitingisha simu. Nilimpiga kofi la mkono. Nilikuwa nahesabu nyusi zako.

Umekonda. Kitambaa kile cha bluu hakikupendezi, tafuta cha rangi ya maziwa. Ulipokivuta kidogo unionyeshe tundu, nilitaka kugeuza macho, na nimeona haya kwa hilo. Nakuambia ili usije ukadhani hukuona vizuri. Uliona vizuri. Nilishtuka. Kisha nikaliangalia mpaka nikalizoea, na sasa nalijua.

Ya baba yako tuyaache yalipo. Nilikuwa nimekusamehe bila kuombwa, na kuombwa kumenipendeza. Ila nakukataza jambo moja, na hili baba yako hahusiki. Usinikinge tena na habari zako. Mimi nimekuzika kwa siku nne, Shireen. Nimewaza sanda yako. Nimejiuliza nani alikuosha na kama maji yalikuwa ya vuguvugu. Hakuna habari uliyo nayo wewe inayoweza kuzidi hizo siku nne, na moyo wangu umezipita na betri yake.

Kuhusu kiapo, nimemuuliza shekhe wa hapa bila kutaja jina. Kacheka, akasema huyo binti angefaa kuwa mwanasheria.

Leo nimerudi msikitini kwa yule mama anayeshika karatasi za majina. Nikamwambia amfute Shireen binti Ghulamabbas kwenye marehemu. Akavua miwani akanitazama. Katika miaka yote ya kazi ile hakuna aliyewahi kurudi kumfuta mtu. Akauliza, sasa nimweke wapi? Kwa wagonjwa? Nikasema ndiyo, mwandike kwa wagonjwa. Akaandika jina lako kwa wino mweusi, herufi kubwa, na wanawake waliokuwa karibu wakaja kuliangalia. Sijapata kuona mtu akifurahi kumwandikisha mwanawe mgonjwa, lakini mimi nilifurahi mpaka nikaketi chini.

Daktari wa moyo anasema betri haiogopi ndege. Hadi anasema ningoje kiangazi. Nimemsikiliza mpaka mwisho, kisha nimemtuma akate tiketi. Ni baada ya Idi, tarehe 3 Aprili. Usije uwanja wa ndege kumeza vumbi kwa tundu hilo, nitapanda teksi, Upanga naijua.

Nitapiga hodi mara moja. Sitangoja uniambie karibu, nitaingia.

Mama yako,
Kanizfatema